RANGI YA UA NI KIBAO CHA DUKA
Jinsi nyuki, ndege na nondo wanavyoyaona maua ya shamba lako

Mkulima, bila shaka umepata kuona jambo hili. Malenge yako yamekua vizuri, samadi uliitia, mvua imenyesha kwa wakati wake, na maua ya manjano yamejaa shamba. Nyuma ya ua waona tunda dogo limeanza. Halafu, baada ya siku chache, tunda lile lageuka manjano, lanywea na kuanguka. Au ni pasheni zako: maua ni mengi, matunda ni machache. Jirani mmoja akwambia ni ugonjwa. Mwingine akwambia ununue dawa upige. Nawe watoa pesa mfukoni, wapiga dawa, na matunda yazidi kuanguka.

Yako magonjwa na wadudu waharibuo matunda machanga, na ukosefu wa maji nao huyaangusha. Lakini mara nyingi hapana ugonjwa wo wote. Mgeni aliyetazamiwa hakuja, basi. Ua lilifunguka alfajiri, likamngoja nyuki, na nyuki hakufika. Kabla ya adhuhuri likafunga. Na ile dawa uliyoipiga, huenda ndiyo iliyomwua yule nyuki ambaye angalikuja kesho.

Katika makala hii tutaeleza jinsi ua linavyomwita mgeni wake kwa rangi, na jinsi mgeni huyo anavyoiona rangi ile. Haya si mambo ya wataalamu peke yao. Mkulima ayajuaye huweza kuongeza mavuno bila kununua hata gunia moja la mbolea.

KAZI YA UA

Ua halikuumbwa ili lipendeze macho yetu. Kazi yake ni kuzaa mbegu. Ule unga wa manjano unaokushika kidoleni ukigusa ua huitwa chavua, nao ni upande wa kiume. Sharti chavua ifike kwenye sehemu ya kike ya ua la namna ileile, ndipo tunda na mbegu zitokee. Lakini mmea hauna miguu. Kwa hiyo hauna budi kumtuma mjumbe.

Yatazame mahindi yako. Mbelewele zake hazina rangi ya kuvutia, hazina harufu nzuri wala maji matamu. Kwa nini? Kwa sababu mjumbe wa mahindi ni upepo, na upepo hauna macho. Mahindi hayana haja ya kujipamba.

Sasa litazame ua la alizeti, la malenge au la pasheni. Hayo yamejipamba kama duka la sokoni. Mwenye duka hupaka ukuta rangi na kutundika kibao ili mpita njia ajue kwamba ndani mna sukari na chumvi. Ua nalo hutundika kibao cha rangi ili mdudu ajue kwamba ndani mna maji matamu na chavua. Mdudu huja kununua chakula chake, na malipo yake ni kubeba chavua mpaka ua jingine.

Lakini kibao kizuri ni kile anachoweza kukisoma mnunuzi. Ukiandika kibao kwa lugha asiyoijua, atapita tu. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Twadhani mdudu huliona ua kama tulionavyo sisi. Sivyo.

NYUKI ANA MACHO YAKE

Zamani wataalamu walibishana kama nyuki huona rangi au la. Mtu aliyelimaliza shauri hilo ni Karl von Frisch, mtaalamu wa Austria aliyefanya kazi Ujerumani. Majaribio yake, aliyoyatangaza mwaka 1914, yalikuwa rahisi hata mtoto wa shule ayaelewe. Aliweka mezani karatasi ya buluu katikati ya karatasi nyingi za kijivu, nyingine nyeupe-nyeupe na nyingine karibu nyeusi. Juu ya ile ya buluu aliweka maji ya sukari. Nyuki wakazoea kuja kunywa. Kisha akaiondoa sukari, akaweka vyombo vitupu na kuzihamisha karatasi mahali pengine. Nyuki wakaifuata buluu vilevile. Kama wasingaliona rangi, wangaliichanganya na kijivu fulani.

Alipofanya hivyo kwa karatasi nyekundu, nyuki walishindwa. Walikwenda kwenye nyekundu na pia kwenye kijivu kilichokoza na nyeusi. Kwa nyuki, nyekundu tupu ni kama giza. Mwaka 1973 von Frisch alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wataalamu wengine wawili kwa kazi ya kuchunguza maisha na tabia za wanyama.

Leo twajua sababu yake. Jicho la binadamu lina vipokezi vya rangi vya aina 3: vya nyekundu, vya kijani na vya buluu. Nyuki naye ana aina 3, lakini si zilezile. Anavyo vya kijani na vya buluu, na cha tatu si cha nyekundu bali ni cha mwanga tusioweza kuuona kabisa. Mwanga huo uko ng'ambo ya zambarau katika upinde wa mvua, na wataalamu huuita urujuanimno. Ndio mwanga wa jua unaochoma ngozi na kupausha nguo. Basi nyuki amekosa upande mmoja wa upinde wa mvua, akapewa upande wa pili.

Kutokana na hayo, shamba lako kwa macho ya nyuki ni shamba jingine. Majani ya kijani kwake yamefifia kama kijivu. Maua mengi tuyaonayo meupe, kwake si meupe; kwa kuwa huuzuia ule mwanga wa urujuanimno usirudi, yeye huyaona kama yana rangi ya buluu na kijani iliyochanganyika. Na ua tulionalo kuwa manjano tupu laweza kuwa na rangi mbili kwake.

ALAMA TUSIZOZIONA

Mfano mzuri ni alizeti. Ukilitazama ua la alizeti waona majani ya pembeni yote manjano, toka shina la jani mpaka ncha. Lakini likipigwa picha kwa kamera inayonasa urujuanimno, laonekana vingine kabisa. Ncha za majani yale zang'aa, na sehemu za chini, karibu na katikati, ni nyeusi. Kwa hiyo nyuki aona duara jeusi lenye ukingo wa kung'aa, kama shabaha ya mtu anayejifunza kupiga bunduki. Duara hilo humwonyesha penye chakula.

Na duara hilo halina ukubwa mmoja kwa alizeti zote. Mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha British Columbia, nchini Kanada, walitangaza habari za uchunguzi wao wa alizeti za porini za Amerika ya Kaskazini. Kwa macho yetu zote ni manjano sawasawa. Kwa macho ya nyuki, nyingine zina duara dogo, na nyingine zina duara kubwa lililofunika karibu jani lote. Waliona kwamba tofauti hiyo huathiri wingi wa wadudu wanaokuja. Tena waliona jambo ambalo hawakulitazamia: alizeti za nchi kavu zilikuwa na duara kubwa zaidi, kwa sababu zile dawa za asili zinazoleta weusi huo husaidia pia kuzuia maji ya ua yasipotee upesi. Basi rangi moja yafanya kazi mbili: yamwita nyuki, nayo yalinda maji.

Ua la pasheni lina alama ambayo hata sisi twaiona. Majani yake ni meupe, na katikati pana nyuzi nyingi zilizo nyeupe nchani na zambarau chini. Mzunguko ule wa zambarau waelekeza mdudu kwenye maji matamu. Lakini chavua ya pasheni ni nzito na yanata, upepo hauwezi kuibeba. Nyuki wa asali naye ni mdogo mno. Mara nyingi huchukua chavua akaenda zake bila kuigusa sehemu ya kike iliyo juu. Mjumbe wa kweli wa pasheni ni yule nyuki mkubwa mweusi avumaye kwa sauti nene, atoboaye mbao na kulala ndani yake. Wengi wetu humwua kwa kuwa atoboa boriti za nyumba. Kumbe tunaua kibarua asiyedai mshahara.

NYUKI HAONI MBALI

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba jicho la nyuki huijua rangi, lakini haliwezi kupambanua vitu vidogo kwa mbali. Ua lenye upana wa sentimita 3, nyuki hawezi kuitambua rangi yake mpaka afike karibu sentimita 11 tu. Ua la alizeti lenye upana wa sentimita 20 aweza kuitambua rangi yake akiwa umbali wa sentimita 76 hivi. Akiwa mbali zaidi huongozwa na harufu, na kumbukumbu yake ya mahali, na habari apewazo na wenzake mzingani.

Basi fikiri. Mkulima aliyetawanya mashina 20 ya malenge, moja hapa na jingine kule kati ya mahindi, amevitawanya vibao vyake. Aliyeyapanda pamoja mahali pamoja ametundika kibao kikubwa kinachoonekana toka mbali.

NYEKUNDU NI YA NANI?

Mtu aweza kuuliza: ikiwa nyuki haioni nyekundu, mbona maua mekundu yapo? Jibu ni kwamba si kila duka linamngoja mnunuzi mmoja. Ndege huiona nyekundu vizuri sana. Jicho la ndege lina vipokezi vya rangi vya aina 4, kuzidi vyetu. Umtazame yule ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopindika, aitwaye chozi, anayemetameta juani. Huyo ndiye mteja wa maua mekundu na ya machungwa: ua la mshubiri, ua la mti ule ambao Wakikuyu huuita muhuti, na maua ya Nandi Flame. Maua ya namna hiyo mara nyingi yana maji matamu mengi, lakini harufu yake ni kidogo, kwa kuwa ndege huongozwa zaidi na macho kuliko na harufu.

Lakini usidhani kwamba hii ni sheria isiyovunjwa. Nyuki huonekana pia kwenye maua mengi ya rangi hizo. Mgrevilea ulioupanda mpakani una maua ya machungwa, nao nyuki huujaa, kwa sababu maji yake matamu ni mengi, na nyuki hujifunza upesi mahali penye faida. Tena maua mengine mekundu hurudisha pia mwanga ambao nyuki auona. Rangi ni kibao. Chakula kilicho ndani ndicho kinachomrudisha mteja.

MTEJA WA USIKU

Wako na wateja wa usiku. Chukua mpapai. Maua yake ni ya rangi ya maziwa, na hunukia jioni. Mgeni wake ni nondo mkubwa arukaye kwa kasi akisimama hewani mbele ya ua, na ulimi wake mrefu ameunyosha. Rangi iliyokoza gizani haionekani. Nyeupe na rangi ya maziwa huonekana. Na nondo wa namna hiyo si kipofu wa rangi usiku. Mwaka 2002 wataalamu nchini Sweden walionyesha kwamba nondo wa jamii hiyo aweza kupambanua rangi hata kwa mwanga wa nyota tu, wakati ambapo macho yetu yaona kijivu peke yake.

Mpapai wa kike una ujanja. Ua lake halina maji matamu kabisa, lakini lafanana na ua la mpapai wa kiume, ambalo linayo. Nondo hudanganyika, akalijaribu ua la kike, akaacha chavua. Ndiyo sababu sharti pawe na mipapai ya kiume au yenye maua ya jinsia zote mbili karibu. Mkulima akatae kabisa shauri la kuikata mipapai yote ya kiume ati haizai.

Uchunguzi wa mipapai uliofanywa hapa Kenya na Dino Martins na Steven Johnson, uliotangazwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba umbali wa shamba toka kwenye mapori, na uzuri wa mapori yenyewe, ndivyo vinavyoongoza kazi ya nondo hao. Maana kiwavi wa nondo hula mimea ya porini. Ukifyeka kila kichaka, umemnyima nondo mahali pa kulea watoto wake, na mpapai wako utamngoja bure.

MAUA YANAYOGEUZA KIBAO

Nenda kwenye kichaka cha lantana kilicho kando ya barabara. Katika kishada kimoja utaona maua ya manjano katikati, na pembeni yake mekundu au ya waridi. Hayo si maua ya namna mbili. Ua hufunguka likiwa manjano, kisha siku zikipita hugeuka. Fritz Müller, Mjerumani aliyeishi Brazil, aliandika mwaka 1877 kwamba lantana aliyoichunguza ilikuwa manjano siku ya kwanza, machungwa siku ya pili na zambarau siku ya tatu, na kwamba vipepeo waliyaendea yale ya manjano.

Maana yake ni nini? Ua la manjano lina maji matamu na lataka mgeni. Lililogeuka limekwisha kazi yake. Ni kama mwenye duka anayegeuza kibao mlangoni kusema, “Tumefunga.” Lakini haling'oki upesi, kwa sababu kishada kikubwa chenye rangi nyingi huonekana toka mbali, kipepeo akikaribia ndipo achaguapo la manjano. Mwaka 1991 Martha Weiss wa Marekani alionyesha kwamba mimea ya jamii zisizopungua 74 hugeuza rangi ya maua yake namna hii.

Tahadhari: hatusemi upande lantana. Ni gugu baya, na ng'ombe akiila huumia ini, na ngozi yake huchomwa na jua. Itazame ilipo, ujifunze, lakini usiilete shambani.

Wakulima wa pamba nao wana mfano wao. Ua la pamba hufunguka asubuhi likiwa na rangi ya maziwa, na kesho yake ni waridi. Ukiona waridi, ujue hilo ni la jana.

KWA NINI RANGI HUTOFAUTIANA KATIKA SHAMBA MOJA

Pengine umepanda njegere au maharagwe, ukaona mashina mengi yana maua meupe, na machache yana ya zambarau. Jambo hili lilichunguzwa na Gregor Mendel, mtawa wa mji wa Brno, katika nchi iitwayo leo Cheki. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1866, alieleza jinsi alivyochanganya njegere za maua ya zambarau na za maua meupe. Watoto wote walikuwa na maua ya zambarau. Lakini wajukuu walikuwa mimea 929: 705 ya zambarau na 224 meupe. Yaani kama watatu kwa mmoja. Weupe haukupotea, ulijificha tu kwa kizazi kimoja.

Ua la njegere huwa jeupe pale mmea unaposhindwa kuitengeneza ile rangi ya zambarau. Kosa dogo katika mbegu latosha, nalo hurithiwa. Kwa hiyo rangi ya ua ni kama kipande cha mmea. Ukiona maua ya rangi mbili katika mstari ulioupanda kwa mbegu ya aina moja, jua mbegu imechanganyika. Ikiwa wataka kuweka mbegu ya msimu ujao, ng'oa mashina ya kigeni wakati wa maua, kabla maganda hayajakauka. Baada ya kuvuna huenda ikawa vigumu zaidi kuyatambua.

Tofauti za rangi huathiri na nyuki pia. Nyuki akitoka mzingani huelekea kushika ua la namna moja katika safari moja. Akianza na la manjano huendelea na manjano, na jingine lenye rangi ya mbali hulipita, hata kama ni la jamii ileile. Tabia hii ni faida kwako, kwani chavua ya malenge hupelekwa kwenye malenge, haipotei kwenye maharagwe.

Kumbuka vilevile kwamba si kila zao lamtegemea nyuki. Viazi vyako vyaweza kuwa na maua meupe, ya zambarau au ya waridi kwa kadiri ya aina yake, na hata nyuki asipoyagusa, viazi chini ya udongo havijali. Maharagwe ya kawaida hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Kahawa aina ya arabika nayo hujichavusha, lakini nyuki wakija huongeza matunda. Alizeti isiyopata nyuki wa kutosha huweza kujaa mbegu pumba katikati. Malenge bila nyuki hayazai kabisa, kwa kuwa ua la kiume na la kike ni mbalimbali.

MAMBO YA KUFANYA SHAMBANI

Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mashamba makubwa yalikatwa vipande vidogo. Tangu hapo vipande vingi vimegawanywa tena kwa watoto. Kila mmoja alima mpaka uani, na kichaka cha mwisho chafyekwa. Ndipo wajumbe wa maua wanapokosa mahali pa kukaa. Fanya haya:

1. Usipige dawa ya wadudu wakati maua yamefunguka. Ikiwa huna budi, piga jioni nyuki wakisha rudi mzingani. Soma karatasi ya dawa. Nyingine huandikwa wazi kwamba zaua nyuki. Pareto nayo, ingawa yatoka katika ua, huua nyuki inapomgusa.

2. Mwambie jirani kabla ya kupiga. Nyuki huruka kilomita 3 na zaidi kutafuta chakula. Mzinga wako waweza kufa kwa dawa ya shamba la mwingine, na malenge ya mwingine yaweza kukosa matunda kwa dawa yako.

3. Panda mazao yanayohitaji nyuki pamoja mahali pamoja, si shina moja moja.

4. Acha ukanda wa mimea yenye maua mpakani na kando ya mto, yenye kupokezana mwaka mzima. Changanya rangi: manjano, buluu, zambarau na nyeupe kwa nyuki, nyekundu kwa ndege, na yenye kunukia jioni kwa nondo.

5. Mwekee nyuki mkubwa mweusi nyumba yake. Milingoti mikavu ya katani na magogo makavu yaliyosimamishwa karibu na pasheni yatamtosha, naye ataacha boriti zako.

6. Ukitumia mitego ya kunata, ya manjano kwa inzi weupe au ya buluu kwa vithiripi, kumbuka kwamba rangi hizo huwaita nyuki pia. Ikague kila siku wakati wa maua. Ikinasa nyuki, iondoe mpaka maua yaishe.

7. Jua saa ya ua. Malenge hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Pasheni ya zambarau hufunguka asubuhi mapema na kufunga kabla ya adhuhuri. Ya manjano hufunguka karibu na adhuhuri na kufunga usiku. Usiwasumbue wageni saa hizo.

JARIBU MWENYEWE

Asubuhi ya kesho, saa moja, keti kando ya malenge yako kwa dakika 10. Hesabu nyuki wanaoingia katika maua 10. Fanya hivyo kwa siku 3, uandike. Mpe mtoto wa shule kazi hiyo, ataipenda.

Ikiwa nyuki hawaji, basi chuma ua la kiume lililofunguka, yaani lile lisilo na tunda dogo nyuma yake. Ondoa majani yake ya manjano, ukaguse kwa unga wake katikati ya ua la kike. Lifunge uzi ulitambue. Baada ya siku 5 au 6, likilinganishwa na wenzake, utajua. Likishika tunda na wengine wakianguka, ugonjwa wa shamba lako ni kukosa wajumbe, wala hakuna dawa ya dukani iwezayo kuuponya. Mwone Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kwenu, umwonyeshe hesabu yako, mshauriane juu ya mizinga na ukanda wa maua.

Umelima, umepanda, umetia samadi, na mmea umekwisha kutundika kibao chake. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha kwamba mnunuzi yu hai wa kukisoma.